Mapinduzi ya mnong'ono: kuisikiliza upya santuri ya Tracy Chapman ya 1988

Mwezi wa Aprili 1988 ilitoka nchini Marekani santuri yenye nyimbo 11, isiyokuwa na jina ila la mwimbaji mwenyewe: Tracy Chapman. Mwimbaji huyo alikuwa na umri wa miaka 24. Alizaliwa Cleveland, katika jimbo la Ohio, akasoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts, na katika miaka hiyo ya masomo alikuwa akipiga gitaa na kuimba barabarani mjini Cambridge. Wengi wameiweka santuri hii katika fungu la nyimbo za upinzani, wala hawakukosea. Lakini upinzani huo umesemwa kwa lugha ya namna gani? Ndilo swali tunalokusudia kulijadili hapa, kwa kuwa tulipojaribu kuzifasiri baadhi ya nyimbo hizo pamoja na wanafunzi wetu, tulikwama mahali ambapo hatukutazamia.

Tulikwama kwenye jina la wimbo wa kwanza, "Talkin' Bout a Revolution". Kamusi inatupatia neno mapinduzi bila kusita. Hata hivyo neno hilo lina historia yake. Visiwani Zanzibar huadhimishwa Mapinduzi ya 1964, na nchini Tanzania chama tawala kimelibeba katika jina lake tangu 1977. Hapa kwetu, chama alichokiunda Mobutu mwaka 1967 kiliitwa Mouvement Populaire de la Révolution, na santuri hii ilipotoka chama hicho kilikuwa bado ndicho pekee kilichoruhusiwa. Yaani lilikuwa neno la waliotawala. Katika wimbo wa Chapman, kinyume chake, neno hilo limo vinywani mwa watu waliopanga foleni kungoja msaada au kazi, na yeye analilinganisha na mnong'ono. Mfasiri anayeandika "mapinduzi" bila tahadhari anamsikilizisha msomaji wa Lubumbashi kipaza sauti mahali palipokuwa na mnong'ono. Mwanafunzi mmoja akapendekeza mageuzi. Mwenzake akamjibu kwamba mageuzi hayajawahi kumtia hofu mwenye mali.

Tena jina lenyewe limeandikwa jinsi linavyotamkwa mitaani: kitenzi kimekatwa mwisho wake, na neno linalokifuata limekatwa mwanzo wake. "Wanazungumza juu ya mapinduzi" ni sentensi ya mwalimu. Mkaaji wa Katuba angeanza na "banasema", na kwa maoni yetu hapo angekuwa karibu zaidi na mwimbaji kuliko sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu. Tunakiri hayo kwa shida kidogo.

Mnong'ono huo haumo katika maneno tu. Mwaka 1988 redio zilikuwa zimejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine, lakini mtayarishaji David Kershenbaum aliacha sauti na gitaa vitangulie, vyombo vingine vikija nyuma kwa adabu. Na uko wimbo mmoja, "Behind the Wall", usio na chombo chochote. Tukiulizwa ni upi ulio kiini cha santuri nzima, tutautaja huo kabla ya ule wa mapinduzi. Anayesimulia ni jirani: anasikia mwanamke akipigwa upande wa pili wa ukuta, anajua kwamba kuita polisi hakufai kitu, kwa maana huchelewa, kama wanakuja kabisa. Kisha unafika usiku mmoja ambapo baada ya makelele kunakuwa kimya. Hapa Kiswahili kinamsaidia mfasiri kuliko tulivyodhani. Kiambishi hu- kinabeba mazoea yote: husikika, huitwa, huchelewa. Usiku ule unapofika, hu- inaondoka na -li- inaingia, na msikilizaji anatambua, kabla ya kuelezwa, kwamba safari hii jambo limekwisha kutendeka. Gitaa lingefanya nini katika wimbo kama huo?

Sauti hiyo ndogo ilisikika mbali. Tarehe 11 Juni 1988, katika uwanja wa Wembley, London, ilifanyika tamasha ya kumheshimu Nelson Mandela, aliyetimiza miaka 70 mwezi uliofuata akiwa bado kifungoni. Chapman alikuwa amekwisha kuimba pale Stevie Wonder alipopatwa na tatizo la vyombo vyake. Akarudishwa jukwaani yeye na gitaa lake, mbele ya umati ule na watazamaji wa televisheni wa nchi nyingi. Mwaka huohuo alishiriki katika ziara ya Amnesty International pamoja na Youssou N'Dour, Bruce Springsteen na wengine, ziara iliyofika Harare na Abidjan mwezi wa Oktoba.

Wimbo alioimba aliporudi jukwaani ni "Fast Car", masimulizi ya mtu aliyeacha shule ili amtunze baba mlevi, akatoroka mjini na mpenzi wake, akajikuta tena na mlevi mwingine nyumbani. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamume mweupe anayeimba muziki wa kantri, aliurekodi upya, na mnamo Novemba mwaka huo Chapman akawa mtunzi wa kwanza mweusi kupewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka na Country Music Association. Combs hakubadilisha neno linaloonyesha kwamba msimulizi ni msichana anayepokea fedha dukani. Jambo hilo lilitushughulisha, kwa kuwa katika Kiswahili nafsi haina jinsia: tukiandika "mpokea fedha", dalili pekee ya kwamba anayesema ni mwanamke inapotea. Nusu ya darasa waliona hiyo ni faida, kwa sababu kila msomaji angejiweka mahali pake. Nusu nyingine, wengi wao wanawake, walikataa katakata. Tukaandika "msichana".