Sare Saba

Msimu wa 2022/23 Simba ilipoteza mechi moja tu ya ligi kati ya 30. Ilifungwa 1-0 na Azam, Oktoba 2022, na baada ya hapo haikufungwa tena hadi ligi ilipokwisha. Kwenye dabi na Yanga ilitoka sare 1-1 mzunguko wa kwanza na ikashinda 2-0 mzunguko wa pili. Yanga ilifungwa mara mbili, na Ihefu kule Mbarali na Simba yenyewe. Ubingwa ukaenda Jangwani kwa Yanga, pointi 78 kwa 73.

Kiboriloni, pale bodaboda zinapopakia abiria wanaopanda Old Moshi, msimu huo bado unazua ubishi. Shabiki wa Simba anauliza: timu iliyofungwa mara moja inakosaje ubingwa mbele ya iliyofungwa mara mbili? Wa Yanga anajibu kwamba mpira ni dakika tisini na kombe haliendi kwa huruma. Wanatajiana waamuzi, wanatajiana mechi za viporo, kisha wanarudi kwa kocha. Jibu lenyewe limo kwenye msimamo wa ligi, katika safu ambayo watu wengi hawaiangalii: safu ya sare. Simba ilishinda 22, ikatoka sare 7, ikafungwa 1. Yanga ilishinda 25, sare 3, ikafungwa 2.

Kwa kazi yangu ya kuchambua mechi, mimi huusoma msimamo kinyume. Sianzi na pointi ambazo timu imepata, naanza na zile ilizodondosha. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, kwa hiyo pointi 90. Kufungwa kunadondosha 3, sare inadondosha 2. Simba ya msimu ule ilidondosha 17: tatu kwa Azam, na 14 kwa sare saba. Yanga ilidondosha 12. Ukishayaona mambo hivyo, sare haionekani tena kama nusu ya ushindi. Ina thamani ya theluthi moja tu ya ushindi, na kama mbili kati ya zile sare saba zingegeuka ushindi, mechi za mwisho wa msimu zingechezwa kwa presha nyingine kabisa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijiwe vyetu. Kocha wa Simba au Yanga tunampima kwa dabi, mechi 2 kati ya 30. Zile 28 zilizobaki, dhidi ya timu zinazokuja kujilinda au kwenye viwanja vya mikoani ambako nyasi hazifanani na za Uwanja wa Mkapa, tunaziita za kawaida. Ila huko ndiko pointi nyingi zinakodondoka, na huko ndiko ujuzi wa kocha unakoonekana.

Tuchukue sare yenyewe inavyozaliwa. Timu ndogo inapaki basi: mabeki wanne au watano, viungo wanne mbele yao, mshambuliaji mmoja ameachwa katikati peke yake. Timu kubwa inakaa na mpira muda mrefu, inaupeleka kushoto, inaurudisha kulia, na kila mara inakutana na ukuta uleule. Kadiri dakika zinavyokwenda mashabiki wanazomea, wachezaji wanaanza kupiga mashuti kutoka mbali, na redio inasema timu imepiga mashuti 20. Shabiki akisikia hivyo anaamini timu yake imeonewa na bahati. Lakini mashuti hayalingani. Penalti zinaingia karibu tatu kati ya nne. Shuti la nje ya boksi, katika ligi ambazo zimehesabiwa kwa miaka mingi, linaingia mara tatu au nne hivi kwa kila mia. Mashuti 20 ya mbali hayafiki thamani ya nafasi mbili za wazi ndani ya mita sita. Wachambuzi siku hizi wanalipa kila shuti thamani yake kwa kuangalia lilipigwa kutoka wapi na kwa namna gani, kisha wanajumlisha. Ukiwa uwanjani bila kompyuta, penseli inatosha: hesabu mashuti ya ndani ya boksi tu, acha mengine yapite.

Siku moja kwenye grosari moja ya Kidia, Old Moshi, nilimwona mzee akieleza jambo hili kwa vizibo vya soda. Alipanga vizibo kumi na kimoja upande mmoja wa meza, kumi na kimoja upande wa pili, vingine amevigeuza chali ili rangi zitofautiane. Kijana aliyekaa mbele yake akasema, "Meku, ongeza straika wa pili, basi litapasuka." Mzee akaweka straika wa pili, akamwonyesha: sasa mabeki wa kati wawili wana watu wawili wa kukaba, na nafasi imezidi kubana. Akakiondoa kile kizibo, akakipeleka pembeni kabisa, karibu na ukingo wa meza, na beki wa pembeni wa upande huo akamsogeza juu. Ukuta ukalazimika kunyooka kumfuata. Katikati ya beki wa kati na beki wa pembeni kikatokea kichochoro cha upana wa vidole viwili. "Mpira upite hapa," akasema, "ufike kwenye mstari, urudishwe nyuma kwa anayekuja." Hicho ndicho makocha wa daraja la juu wanalipwa kukifundisha, kurefusha ukuta kwa upana kabla ya kuutoboa, na pasi ya kurudi nyuma kutoka mstari wa goli ni moja ya nafasi zenye thamani kubwa kuliko zote kwenye soka.

Aliongeza la maana zaidi, ambalo kijana hakulipenda. Beki wa pembeni akishapanda, nyuma yake hakuna mtu. Kila timu inayovunja basi inalipia kwa kuacha uwazi wa kaunta. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha kabla ya la nani anafunga ni hili: mpira ukipotea, nani amebaki nyuma, na kiungo mkabaji amesimama wapi?

Ubishi mwingine wa milimani na mjini Moshi ni wa pasi. Wazee wengi wanataka mpira uende mbele haraka, vijana waliokua wakiangalia ligi za Ulaya kwenye vibanda umiza wanataka pasi nyingi. Uingereza walishabishana hivyohivyo, tena kwa takwimu. Machi 1950 mhasibu wa jeshi la anga, Charles Reep, alianza kuandika kila pasi kwa penseli akiwa kwenye mechi ya Swindon Town. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin wakachapisha matokeo: mabao mengi hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Makocha wa Uingereza wakalichukua neno hilo wakapiga mipira mirefu kwa kizazi kizima. Walichokosea ni hiki: karibu kila shambulizi kwenye mpira ni fupi, kwa sababu mpira hupotea upesi, kwa hiyo lazima mabao mengi yatoke kwenye mashambulizi mafupi. Waliohesabu upya baadaye, wakilinganisha idadi ya mashambulizi ya kila aina, waliona kwamba timu zenye uwezo wa kutunza mpira hufunga mara nyingi zaidi kwa kila mia ya mashambulizi marefu. Takwimu ya Reep ilikuwa sahihi na hitimisho lake likawa baya, na hilo linatokea kila wiki kwenye mijadala yetu ya kocha.

Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1: Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9. Mabao mengine manne yalikuja kipindi cha pili, mawili ya Maxi Nzengeli, moja la Aziz Ki na penalti ya Pacome Zouzoua. Ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi Simba kupoteza msimu ule. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akaondoka. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka kabla msimu haujaisha. Simba ikamaliza ya tatu kwa pointi 69, sawasawa na Azam, na kwa tofauti ya mabao Azam ikaenda Ligi ya Mabingwa, Simba Kombe la Shirikisho. Tumia hesabu ileile: Simba ilidondosha pointi 21. Yanga ilichukua 6 kwa kushinda dabi zote mbili. Hizo 15 nyingine zilidondoka kwa timu ambazo hakuna kocha aliyefukuzwa kwa ajili yao.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Yanga. Chini ya Miguel Gamondi ilishinda mechi zake 8 za kwanza za ligi. Kisha, ndani ya wiki moja ya Novemba 2024, ikafungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United. Gamondi akafutwa kazi. Sead Ramovic akashika timu, akaondoka Februari 2025, Miloud Hamdi akamalizia. Yanga ikawa bingwa kwa pointi 82: ushindi 27, sare 1, vipigo 2. Vipigo vyenyewe ni vile viwili vya wiki ile. Kwa lugha nyingine, mechi zilizomwondoa kocha ndizo pekee timu ilizofungwa msimu mzima.

Shabiki wa Yanga atasema basi uamuzi ulikuwa sahihi, tazama kombe. Lakini mwaka 2011 mchumi wa Kiholanzi Bas ter Weel alichapisha uchunguzi wa ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Aliona kwamba timu zinazofukuza kocha baada ya kuporomoka hupanda tena. Akazilinganisha na timu zilizoporomoka vilevile lakini zikabaki na kocha wao, na hizo nazo zilipanda, kwa kasi ileile au zaidi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa shimoni, na kutoka shimoni timu nyingi zina njia moja tu. Sisemi kocha hana maana. Nasema kupanda baada ya kumfukuza si ushahidi wa chochote, na vilabu vyetu vinatumia fedha nyingi kulipia ushahidi huo.

Moshi tuliliona jambo hili kwa karibu zaidi. Polisi Tanzania ilipanda ligi kuu mwaka 2019 ikautumia uwanja wa Ushirika kama nyumbani, na kwa misimu minne mtu wa Kidia aliweza kushuka hadi mjini kuiona ligi kuu kwa macho yake. Msimu wa 2022/23 ilibadilisha kocha njiani, ikashuka hata hivyo, pamoja na Ruvu Shooting. Haikurudi haraka: mwaka 2024 walipanda Ken Gold na Pamba Jiji, mwaka 2025 Mtibwa Sugar na Mbeya City. Kushuka kwa Polisi kunaniuma, na si kwa sababu ya mkoa peke yake. Ligi ambayo timu za mikoani zinaweza kuzuia inamlazimisha kocha wa timu kubwa kufikiri. Zikiwa dhaifu, Simba na Yanga zinamfunga kila mtu, na dabi inabaki kuwa mechi pekee ya kuamua.

Ndivyo ilivyoonekana Juni 25, 2025. Dabi ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, Yanga ikiwa na pointi 79 na Simba 78. Yanga ilihitaji sare tu. Simba ya Fadlu Davids ililazimika kushinda, kwa hiyo kadiri muda ulivyokwenda ilibidi ipandishe watu mbele. Kipindi cha kwanza kiliisha 0-0. Pacome akafunga penalti dakika ya 66, na Clement Mzize akaweka la pili dakika ya 86, wakati Simba imeshafunguka nyuma. Vijiwe vikajadili dakika hizo kwa wiki nzima.

Februari 6 mwaka huohuo Simba ilikuwa imecheza na Fountain Gate pale Babati, ikaongoza, kisha ikasawazishiwa kwa bao la kujifunga, 1-1. Pointi mbili zikadondoka. Bila sare ile, Simba ingeingia kwa Mkapa Juni 25 ikiwa na pointi 80 dhidi ya 79, na ni Yanga ambayo ingelazimika kupandisha mabeki wake wa pembeni.