Mafuta ya Karafuu: Yapimwe Kwanza, Yasifiwe Baadaye

Karafuu, iliyoipa Zanzibar jina kubwa tangu karne ya 19, haikosekani katika masoko ya Kampala. Siku hizi mafuta yake nayo yanasifiwa mno: mara ni dawa ya jino, mara ya kifua, mara ya malaria. Kwa kuwa afya ya askari ni silaha yake ya kwanza, yatupasa kuuliza sifa hizo zimepimwa vipi.

Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, mvuke hupitishwa katika makonyo ya karafuu, kisha ukapozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo eujenoli. Hiyo ndiyo inayotia ganzi ufizi, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Lakini maumivu yakitulia, uozo wa jino haujaondoka.

Katika maabara, mtaalamu huotesha vijidudu katika sahani, akaweka juu yake kikaratasi kilicholowa mafuta, akaiacha usiku kucha. Asubuhi akikuta duara tupu kando ya kikaratasi, hulipima kwa milimita. Mafuta ya karafuu yamefaulu mtihani huo mara nyingi.

Hata hivyo, ushindi wa sahanini si ushindi wa mwilini. Dawa ya kusafishia choo nayo huua vijidudu, wala hakuna anayeinywa. Askari aliyelenga shabaha uwanjani bado hajajaribiwa vitani. Na mafuta hayana budi kujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu, hadi kipimo na madhara yake yajulikane. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita kati ya 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, ini lake likaharibika, akanusurika kifo.

Uganda haidharau miti shamba. Wizara ya Afya ina taasisi ya utafiti wa dawa za asili huko Wandegeya. Juni 2021, Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliruhusu Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa nchini, itumike kusaidia matibabu. Haikuitangaza kuwa tiba ya COVID-19. Huo ndio utaratibu: kila dawa isifiwe kwa kadiri ya ushahidi wake.

Basi, wanajeshi na polisi wenzetu, karafuu na ikae katika chai na pilau. Lakini mwenye homa asijitibu kwa kichupa cha mafuta. Na aende zahanati ya kikosi, damu yake ipimwe, na akikutwa na malaria amalize dozi aliyoandikiwa. Malaria haimngojei mtu amalize kubahatisha.