Kuchukua Samaki Walio Hai

Mtu akichukua vifaranga vya perege kutoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilometa 60 hivi, asipoangalia hufika na mizoga mitupu. Sababu yake nini? Samaki hupumua hewa iliyoyeyuka majini. Wakisongamana katika debe moja, hewa hiyo huisha upesi. Tena maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi.

Basi, uwanyime chakula siku moja kabla ya safari, maana mavi yao huharibu maji. Ondoka alfajiri, ulifunike debe kwa majani mabichi. Njiani uyateke maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, yapate hewa. Ukifika, usiwamwage mara moja: tia maji ya bwawa debeni kidogo kidogo, mpaka wauzoee ubaridi wake.