Mshipa Usiopitisha Damu: Kufundisha Mfumo wa Fahamu

Katika lugha yetu neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Pana mshipa wa damu na pana mshipa wa fahamu. Hata ugonjwa wa ngiri watu huuita mshipa. Si ajabu basi mwanafunzi akikariri sehemu zote za mfumo wa fahamu bila kosa, kisha akauliza ni damu ya namna gani ipitayo humo. Swali hilo si la kuchekwa. Linatuonyesha mahali somo linapopaswa kuanzia.

Yafaa tuanze kwa kutofautisha. Mshipa wa damu ni mrija wenye uwazi ndani yake. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni mfano wa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Hupitisha habari, wala si damu. Tukichora ubaoni, tuchore mrija na kamba kandokando.

Baada ya hapo tueleze mpango wa mfumo mzima. Makao makuu ni ubongo na ugwe mgongo, uliohifadhiwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kutoka ubongoni hutokea jozi 12 za neva, na kutoka katika ugwe mgongo jozi 31, zinazoenea mwilini mote. Neva nyingine huleta habari kutoka katika ngozi, macho na masikio. Nyingine hupeleka amri kwenye misuli na tezi. Na nyingi hufanya kazi zote mbili. Mtoto agusapo sufuria ya moto, mkono huondoka kabla hajasikia maumivu, kwa kuwa amri hiyo hutolewa na ugwe mgongo bila kungoja ubongo.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli ina mwili wenye kiini, vijitawi vinavyopokea habari, na kwa kawaida uzi mmoja unaoipeleka mbele. Uzi utokao kiunoni hadi kidole cha mguu waweza kufikia urefu wa meta moja. Kuna pia seli saidizi, ambazo hulinda na kulisha seli za neva, na kuzifunika baadhi ya nyuzi kwa utando wa mafuta ili habari ipite upesi zaidi.

Ndani ya uzi habari husafiri kwa umeme. Lakini seli mbili hazishikani: kati yao pana mwanya mdogo mno, na mara nyingi habari huuvuka kwa kemikali. Jambo hili tunaweza kulionyesha kwa kokoto tu. Tuwapange wanafunzi kumi kwa mstari, kila mmoja akiwa na kokoto katika mkono wa kulia na kiganja cha kushoto kikiwa wazi. Apokeapo kokoto kwa kushoto, aweke yake katika kiganja cha jirani. Vidole vya kushoto ni vijitawi, kiwiliwili ni mwili wa seli, mkono wa kulia ni uzi, na kokoto ni kemikali. Wataona wenyewe kwamba habari huenda upande mmoja tu.

Mwisho wa somo tulirudishe swali la awali kwa darasa: je, ni nini kipitacho katika mshipa wa fahamu? Wakijibu kwa maneno yao wenyewe, tutajua kwamba wameelewa. Wakijibu kwa maneno yetu, hatuna budi kuuliza tena.