Unajenga kwa Ajili ya Nani?

Wako wanaodhani ya kwamba piramidi kubwa ya Giza, kule Misri, ilijengwa na wana wa Israeli. Sivyo. Kitabu cha Kutoka chaeleza kwamba wao walitumikishwa kufyatua matofali na kujenga miji ya kuwekea akiba. Piramidi hii ni ya mawe, nayo ilijengwa yapata mwaka 2560 kabla ya Kristo, zamani sana kabla ya Musa.

Ilijengwaje? Mafundi walichonga mawe kwa vyombo vya shaba, na watu wakayakokota kwa kamba. Mawe meupe ya kufunikia nje yalivushwa mto Nili kwa mashua. Mawe magumu zaidi yalitoka Aswan, mwendo wa kilomita 800 hivi. Yakadiriwa kuwa mawe yote ni 2,300,000, na kimo chake kilikuwa mita 146. Wafanyakazi walilishwa mikate na nyama, lakini mifupa yao yaonyesha migongo iliyoumizwa na mizigo. Na kazi hiyo yote ilikuwa ya nini? Ili mfalme mmoja, Khufu, apate kaburi.

Sasa tuje kwetu Kenya. Katika kaunti ya Migori, huko Thimlich Ohinga, ziko kuta za mawe za tangu miaka 500 hivi iliyopita. Hazina saruji wala udongo wa kushikanisha. Wajenzi walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza katikati kwa mawe madogo, hata kuta nyingine zikapita mita 4. Milango ni mifupi. Anayeingia hana budi kuinama, kwa hiyo adui hawezi kuingia kwa kishindo. Ndani walilala watu na ng'ombe wao. Wenyeji hao walipohama, wengine walikuja wakatengeneza palipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO ilipatia mahali hapo heshima ya urithi wa dunia.

Ndugu yangu, jeneza la jiwe la Khufu limo bado ndani ya piramidi, lakini ni tupu. Wajenzi wa Thimlich hatujui majina yao, hata hivyo watoto wa wengi walilala salama.

Wewe nawe unajenga: nyumba, shamba, biashara. Juma hili keti ujiulize, ni nani atakayepata usalama katika kazi yako? Kwaheri, na Mungu akubariki.