UZI: Polisi anaruhusiwa kupiga risasi lini?

1/ Maandamano yakiisha, mabishano ni yale yale. Huyu anasema "karao walikuwa kazini", yule anasema "polisi hawana ruhusa ya kumgusa mtu." Kajiado yetu, toka Kona Baridi mpaka Kitengela, ni wimbo huo tu. Wote wawili wanakosea. Twende polepole.

2/ Sheria yenyewe ni ile ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 61 na Jedwali la Sita. Ndiyo, inamruhusu polisi kutumia nguvu. Lakini ajaribu kwanza njia isiyo ya nguvu. Nguvu inakuja tu njia hiyo ikishindwa, au ikiwa haina dalili ya kufaulu.

3/ Sharti la pili: nguvu ilingane na jambo lenyewe. Kosa ni zito kiasi gani? Mtu anapinga kukamatwa kiasi gani? Kama ameshaketi chini mikono juu, rungu la kichwa halina sababu, hata kama dakika tano zilizopita alikuwa anarusha mawe.

4/ Bunduki ina masharti makali zaidi. Ni pale njia nyingine hazitoshi, kwa mfano kuokoa maisha, au kujikinga na hatari ya kifo au jeraha baya iliyo mbele yake. Ajitambulishe, atoe onyo, ampe mtu muda wa kutii, isipokuwa kungoja kutamweka hatarini. Kwa hivyo mtu akimjia na panga, polisi ana haki ya kujitetea. Tuseme na hilo pia.

5/ "Na mali je?" Hapa ndipo watu hushikana mashati. Jedwali linataja kulinda maisha na mali, lakini kwa nguvu inayoweza kuhalalishwa. Maneno hayo hayafuti sharti la kulingana, wala Kifungu cha 26 cha Katiba kinacholinda uhai. Duka kuporwa ni hasara kubwa, na mwizi akamatwe ashtakiwe. Ila TV iliyoibwa pekee haitoshi kuhalalisha maiti.

6/ Julai 2025, baada ya Saba Saba, ilitolewa kauli hadharani kwamba anayechoma mali apigwe risasi ya mguu. Wengine walishangilia, wakaona ni huruma. Lakini Jedwali halina daraja la "risasi ya mguu". Risasi ni risasi, na masharti ya namba 4 yako pale pale. Tena paja lina mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu anaweza kufa kabla ya kufika hospitali.

7/ "Niliamrishwa na mkubwa." Jedwali linasema wazi hicho si kisingizio. Polisi wa cheo cha chini ajue hili: aliyepiga kelele jukwaani hatasimama naye kizimbani.

8/ Baada ya nguvu kutumika, majeruhi apewe matibabu mara moja na jamaa zake waarifiwe. Kifo au jeraha baya liripotiwe kwa IPOA, nayo ichunguze. Aliye na sare avae jina au namba inayoonekana. Lakini IPOA haishtaki. Inapendekeza tu, na uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

9/ Mbona basi watu wanaogopa kulalamika? Kumbukeni wakili Willie Kimani. Mteja wake alipigwa risasi na polisi, akapeleka malalamiko IPOA. Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, hapo jirani na Kitengela, wao na dereva wa teksi walitekwa wakauawa. Polisi watatu na raia mmoja walipatikana na hatia Julai 2022. Miaka sita. Sheria hii ilikuwepo wakati wote huo. Kilichokosekana ni ulinzi kwa aliyeitumia.

10/ Kwa hivyo video ikitoka tena, kabla ya kuchagua upande, uliza:
– Njia nyingine ilijaribiwa?
– Nani alikuwa hatarini sekunde ile?
– Onyo lilitolewa?
– Majeruhi alisaidiwa?
– IPOA imeripotiwa?

Na ukiumizwa: matibabu kwanza, fomu ya P3, kisha andika saa, mahali na namba ya afisa kabla hujasahau. Usiende kulalamika peke yako.