Mtoto anasoma nyumbani? Weka karatasi zake sawa

Kumsomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini kila jimbo lina sheria yake. Texas haimdai mzazi taarifa ya kila mwaka. Pennsylvania inadai, na familia iliyohamia huko bila kujua inaweza kushtukia mtoto wake anahesabiwa mtoro.

Pennsylvania, mzazi hupeleka hati ya kiapo kwa mkuu wa elimu wa wilaya kabla ya kuanza, kisha kila mwaka kufikia Agosti 1. Huambatisha malengo ya kila somo na uthibitisho wa chanjo na huduma za afya. Anayefundisha lazima awe amemaliza sekondari.

Halafu kuna kazi ya mwaka mzima: siku 180 za masomo, au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari. Vitabu alivyosoma mtoto huorodheshwa, na sampuli za kazi zake huwekwa kwenye jalada. Darasa la 3, 5 na 8 hufanya mtihani wa kusoma na hesabu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia. Mwishoni, mtathmini mwenye sifa huzungumza na mtoto na kupitia jalada. Cheti chake hufikishwa wilayani kabla Juni haijaisha.

Wazazi wengi hukwama kwa kusubiri mwezi huo ndipo waanze kutafuta karatasi. Tenga nusu saa kila Ijumaa: andika, weka tarehe, toa nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.